Sura ya Tisa: Nafasi Moja kwa Wapendanao Wawili

Kwenye kiti cha karibu na mlango wa chumba cha usaili alikuwa ameketi mwanaume ambaye jana yake tu alimwambia Jacinth Maynard kwamba Alhamisi kutwa angekuwa Manchester.

Jacinth alisimama pale pale. Mkoba wake wa picha ukamteleza begani.

"Balraj?"

Balraj Sahota aliinua uso. Kwanza macho yake yalifurahi, kama yalivyofurahi kila alipomwona kwa miaka miwili na nusu, maana macho hayasubiri ruhusa ya mtu. Kisha akili ikayafikia, na furaha ikazimika. Alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyoinunua kwa harusi ya dada yake. Kilemba chake cheusi kilikuwa kimefungwa kwa uangalifu wa siku kubwa.

"Jaci. Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kukaa kwenye kiti. Na wewe? Manchester imehamia Birmingham siku hizi?"

Balraj hakuhitaji kueleza. Waliofika kwenye ujia ule asubuhi ile walikuwa wamekuja kwa jambo moja tu.

Majira ya baridi ya mwaka ule, 2007, lilitoka tangazo lililosomwa kwa sauti katika nyumba nyingi za wahamiaji, mitaani Handsworth na Smethwick. Tangu zamani, kuta za majumba makubwa ya sanaa zilipangwa na watu wa aina moja, waliosoma shule za aina moja. Wajukuu wa Jamaika na wa Punjab waliingia mle kwa mlango wa nyuma: kulinda vyumba, kubeba masanduku, kupiga deki. Sasa ulikuwapo mfuko uliokuwa tayari kulipa mishahara ya waratibu wa maonyesho waliotoka katika familia hizo. Mwaka mmoja na nusu wa ukaazi ndani ya jumba la sanaa, meza yako, ufunguo wa ghala, na mwishoni maonyesho uliyoyachagua na kuyapanga mwenyewe, jina lako likiwa mlangoni. Nafasi zilikuwa sita nchi nzima. Kwa Birmingham ilikuwa moja.

"Uliniambia umeomba Manchester," Jacinth alisema. Sauti aliishusha kwa sababu ya mlango, lakini hasira haikushuka nayo.

"Niliomba Manchester. Halafu Papaji akapata kiharusi. Nani angemnyanyua baba yangu kitandani? Nikawaandikia wanihamishie hapa."

"Lini?"

"Januari."

"Januari! Tumekula pamoja Februari nzima, Balraj. Umenisikiliza nikiongea mpaka chai ikapoa. Hukuona upenyo hata mmoja wa kuniambia?"

"Na wewe je? Uliniambia utaomba mwakani."

Hapo Jacinth akaurudisha mkoba begani. Alikuwa ameomba kazi za namna hii mara nne katika miaka mitano, na mara nne alirudishiwa barua ya kumtakia kila la heri. Mara zote nne Balraj alimshika mkono, akamletea peremende, akamwambia hawajui wanachokikosa. Hakuweza kuvumilia kushikwa mkono mara ya tano.

"Nilikuwa naona aibu," alisema hatimaye.

"Aibu kwangu mimi?"

"Kwako hasa."

Balraj akamtazama. Walikuwa wamekutana humu humu ndani ya jumba la sanaa, yeye akiwa fundi wa kutundika picha, Jacinth akiwa mlinzi wa chumba cha kumi na nne. Alikuwa ametundika picha ya farasi, akashuka ngazi akijisifu kimoyomoyo, ndipo sauti ikatoka pembeni: "Kaka, farasi wako anateremka mlima." Alipopima, akakuta kweli picha imekaa upande kwa unene wa kucha. Tangu siku ile hakuwahi kutundika kitu bila kumtafuta kwa macho.

Mlango ukafunguliwa. Bi Philippa Garland, mwenyekiti wa jopo, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba shingoni, akachungulia karatasi yake.

"Bi Jacinth Maynard?"

Jacinth alijitengeneza gauni. Alipompita Balraj, aliona midomo yake ikitikisika bila sauti. Hakujua kama ilikuwa dua au lawama.

Mle ndani walikuwapo watu watano na meza ndefu. Jacinth hakungoja kuulizwa maswali ya kupashia moto. Alizipanga nakala zake za picha mezani moja moja, kama mtu anayewatambulisha ndugu zake. Zilikuwa picha za wauguzi: mmoja amevua viatu, mwingine anasuka nywele za mwenzake, wa tatu amelala na kofia yake ya kazi kifuani.

"Zenyewe ziko arobaini na tatu," alisema. "Zimechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya mbao za makabati ya hospitali. Ziko chini yetu hapa, ghalani, tangu mwaka 1981. Kwenye daftari zimeandikwa 'mchoraji hajulikani'."

"Nani alikuruhusu kuingia ghalani?" aliuliza mzee mmoja wa jopo.

"Hakuna, bwana. Nilitumwa kupeleka ngazi."

Bi Garland alikohoa ili asicheke. "Na mchoraji? Kweli hajulikani?"

"Anaitwa Una Petgrave. Alikuja kutoka Jamaika mwaka 1956, akawa muuguzi wa zamu. Nilizungukia makanisa ya Handsworth, Jumapili baada ya Jumapili, nikiwa na nakala za picha hizi, nikiwauliza wauguzi wastaafu. Mwezi wa tatu wa kuuliza nikampata bibi wa miaka themanini na mbili. Aliishika hii." Akagusa picha ya yule aliyevua viatu. "Akasema, 'Huyu ni mimi. Una alinichora miguu yangu ikiwa imevimba, nikamgombeza kwa nini hakunichora nimevaa vizuri.' Kisha akalia. Kanisa zima likamzunguka, na kila mmoja akataka kujitafuta kwenye picha."

Mzee aliyeulizia ghala alikuwa ameivuta picha ile karibu na uso wake.

"Na usipopata nafasi hii, Bi Maynard?" Bi Garland aliuliza, kwa upole.

"Nitarudi kwenye kiti changu chumba cha kumi na nne. Mimi nimezoea kutojulikana. Una Petgrave hapaswi kuzoea."

Alizikusanya picha zake, akatoka. Kiti cha Balraj kilikuwa kitupu, na yeye alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwake. Likaitwa jina lake. Wakapishana mlangoni, bega kwa bega, na safari hii hakuna aliyemtazama mwenzake.

*

Jacinth hakurudi kwake. Miguu ilimpeleka kwa mama yake, mtaa wa Lozells, kama inavyowapeleka watoto wote waliopigwa. Bi Icilda Maynard alikuwa jikoni akigeuza mandazi ya unga wa ngano kwenye mafuta, samaki wa chumvi na matunda ya ackee yakiwa tayari kwenye sufuria. Alimsikiliza bintiye mpaka mwisho bila kugeuka, jambo ambalo kwake halikuwa la kawaida.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Basi nami niseme langu. Huyo Bwana Sahota amekula jikoni kwangu mpaka anajua sahani ipi ina ufa. Wewe kwao umeshaonja hata chumvi?"

"Mama, si hilo tunalozungumza."

"Ndilo hilo hilo. Mtu aliyeweza kukuficha wewe kwa wazazi wake miaka miwili na nusu, kuficha barua ya maombi kwake ni mchezo." Akachomoa andazi, akalitikisa mafuta. "Mimi simchukii. Ana adabu, ana mikono ya kazi, na anapokutazama, mtu anaona kabisa kwamba hapa kuna moyo. Lakini mapenzi ya uvunguni, mwanangu, huota ukungu."

Jacinth alikuwa akivuta kiti mlango ulipogongwa. Bi Icilda akachungulia kupitia pazia.

"Tumetaja jina, kaja mwenyewe. Nimfungulie au nimwambie tumehama?"

"Mfungulie, Mama."

Balraj aliingia na suti yake ile ile, tai ameilegeza. Alimwinamia Bi Icilda kwa heshima, na Bi Icilda akamjibu kwa kumwonyesha kiti kwa mwiko. Hakuketi.

"Nimeamua," alisema, akimkabili Jacinth. "Nitawaandikia kesho kwamba najitoa. Nafasi ni yako. Hizo picha za wauguzi ulizonisimulia, Jaci, mimi nilizipanga upya kwenye makabati ya ghala kwa mikono yangu na sikuziona. Wewe uliziona. Sina haki ya kusimama mbele yako."

Alidhani atakumbatiwa. Wanaume wengi wangedhani hivyo. Jacinth alisimama taratibu, akashika ukingo wa meza.

"Ukiandika barua hiyo, usinitafute tena."

"Jaci! Nakupa..."

"Ndiyo, unanipa. Sitaki kupewa. Miaka tisa nimekaa kwenye kile kiti nikiwatazama watu wakipita kana kwamba mimi ni sehemu ya ukuta. Nimesoma jioni, nimesoma kwenye basi, nimesoma chooni. Leo nimeingia chumba kile nikasema maneno yangu yote na sauti haikunikatika. Sasa wakiniita, nitajuaje kama nimeshinda au nimeachiwa? Mpaka mwisho wa maisha yangu nitakuwa najiuliza. Unataka kuniibia hilo, halafu uliite mapenzi?"

Mafuta yalikuwa yanalia kwenye kikaango. Bi Icilda alizima jiko ili asikie vizuri.

"Na mradi wako?" Jacinth aliendelea, sauti ikilegea. "Mabango ya maduka ya Smethwick, yale yaliyopakwa rangi kwa mkono. Wazee wale waliotoka kiwandani jioni wakashika brashi. Uliniambia kuna mmoja alichora embe mpaka wateja wakataka kulinunua bango. Nao hawastahili ukuta? Utawatoa wao pia, kwa sababu unanipenda?"

Balraj akainamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa na maji.

"Sijui namna nyingine ya kukuomba msamaha," alisema.

"Mimi naijua. Nipeleke kwenu."

Hapo ndipo Balraj alipogwaya. Jacinth aliuona woga ukimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye paji la uso, na moyo ukamuuma kuliko asubuhi.

"Papaji anaumwa, Jaci. Daktari amesema asishtuliwe. Wewe humjui. Kwake yeye mke ni yule anayetoka kijiji jirani na kile walichotoka wao."

"Basi nenda ukamuuguze. Usaili wako usiufute. Mambo yetu mengine..." Hakumalizia.

Balraj aliondoka. Bi Icilda alimsindikiza kwa macho mpaka pembeni mwa barabara, kisha akarudi, akamshika bintiye mashavu kwa viganja vyenye unga.

"Mimi ningemwacha aandike barua," alisema polepole. "Kwa umri wangu huu, na haya niliyoyaona, ningechukua nafasi na kushukuru. Wewe umezidi, mwanangu. Sijui umeupata wapi huo mgongo usiopinda."

"Kwako, Mama."

"Mh. Kula kwanza."

*

Simu iliita Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi. Jacinth alikuwa kwenye kiti chake chumba cha kumi na nne. Hakuruhusiwa kupokea simu kazini, akaipokea.

"Bi Maynard," alisema Bi Garland, "nimeombwa nikuulize unapenda meza yako iwe upande wa dirisha au upande wa ghala."

Jacinth hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alijifunika mdomo kwa kiganja, na mtalii mmoja mzee akadhani amepewa habari ya msiba.

"Upande wa ghala," alisema. "Nataka upande wa ghala."

"Nilijua. Na kuna jambo napaswa kukuambia. Mlikaribiana sana na mwenzako. Tulibishana mpaka jioni. Aliyeshinda ameshinda."

Siku tatu zikapita bila neno la Balraj. Hata kazini hakuonekana, alikuwa ameomba ruhusa ya kumpeleka baba yake kliniki. Siku ya nne, Jacinth alipotoka kazini, alilikuta gari kuukuu la Balraj limeegeshwa mbele ya jumba, naye ameegemea mlango.

"Hongera," alisema. Neno lilimtoka zito.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakuonea wivu." Alilisema wazi, kama mtu anayeonyesha kidonda kwa daktari. "Jumatano na Alhamisi nilikuonea wivu mpaka chakula hakikupita. Ijumaa nikakasirika na jopo. Jana usingizi uliponiishia alfajiri nikakumbuka ulivyosimama jikoni kwa mama yako, nikajiona mjinga. Niliogopa nyumba ya baba yangu kuliko nilivyoogopa kukupoteza. Mwanamke kama wewe nimemweka uvunguni."

"Mama ndiye aliyesema uvunguni."

"Nilimsikia nikiwa mlangoni. Ana sauti, mama yako."

Jacinth alicheka bila kutaka. Balraj akamfungulia mlango wa gari.

"Tunakwenda wapi?"

"Smethwick. Nimewaambia naleta mgeni. Sijawaambia mgeni gani."

*

Mzee Mohinder Sahota alikuwa kwenye kiti chake kando ya moto wa gesi, blanketi magotini. Kiharusi kilikuwa kimemwachia upande mmoja wa mdomo mzito, lakini macho yake hayakuguswa. Mkewe, Bi Surinder, alitokea jikoni akifuta mikono kwa mtandio, akamwona Jacinth, akasimama kama aliyepigwa picha.

Jacinth aliunganisha viganja, akawaamkia kwa Kipunjabi kama Balraj alivyomfundisha garini. Alikosea neno la pili. Hakuna aliyecheka.

"Papaji, Biji," Balraj alisema, "huyu anaitwa Jacinth. Ndiye ninayempenda. Ni mwaka wa tatu sasa."

Bi Surinder akamgeukia mumewe.

"Mwaka wa tatu," mzee alirudia, kila neno akilitafuta. "Ndiyo unasema leo?"

"Nilikuogopa."

"Mimi? Kijiko hakifiki mdomoni bila mama yako, unaniogopa mimi?" Akamgeukia Jacinth. "Binti, sitakudanganya nyumbani kwangu. Nilitaka mkwe atakayeongea na mke wangu kwa lugha yake. Bado namtaka."

"Nimekusikia, mzee," Jacinth alisema. "Sikuja kudanganywa."

Mzee alimtazama. Kisha kitu kikamjia akilini.

"Jacinth. Jina hili nimelisikia wiki hii. Si ndiye yule aliyekunyang'anya kazi?"

"Hakuninyang'anya, Papaji. Alinishinda."

"Kwa haki?"

Balraj alimtazama Jacinth, na katika macho yale Jacinth hakuona tena wivu wala woga. Aliona fahari, imejaa mpaka pomoni.

"Kwa haki. Mimi nilikuwa mzuri. Yeye alikuwa mzuri zaidi."

Mzee Mohinder akaegemea nyuma. "Miaka ishirini na sita nimeyeyusha chuma," alisema. "Nimeona watu wakishindwa, na mimi nimeshindwa. Sijapata kusikia mtu akimsema hivyo aliyemshinda. Mimi mwenyewe sikuwahi." Akaelekeza kidole cha mkono mzima kwa Jacinth. "Na wewe, ulijua anaitaka kazi ile. Hukumwonea huruma?"

"Ningemwonea huruma, mzee, ningekuwa namdharau."

Upande mmoja wa mdomo wa mzee ukapanda. Kicheko kikamtoka cha nusu, kikakwama, kikatoka tena.

"Surinder! Mbona mgeni amesimama?"

Bi Surinder aliingia jikoni. Aliporudi alikuwa na sahani tatu, kama alivyozoea jioni zote. Akasimama katikati ya sebule, akawapitia watu kwa macho, akarudi jikoni kuleta ya nne. Aliiweka mbele ya Jacinth, akachukua bakuli la achari.

"Pilipili unaiweza?" aliuliza, kwa Kiingereza chake cha kukatika katika.

"Mama yangu ni Mjamaika."

Bi Surinder akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Tutaona," alisema, akamwongezea kijiko cha pili.